Ngazi za jengo moja zinatosha: jinsi ya kuandaa mradi wa picha za maisha ya mjini

Kila muhula unapoanza, kuna mwanafunzi anayeniletea pendekezo lenye kichwa kama "Maisha ya Mjini" au "Sura za Jiji". Namrudishia karatasi na maswali matatu: ni watu gani, mahali gani, saa ngapi? Mji mzima hauenei kwenye kamera. Kinachoenea ni ngazi za jengo moja, kiwanja kimoja cha mpira, au kituo kimoja cha basi kabla hakujapambazuka, pamoja na watu wanaoonana hapo kila siku.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuja akitaka kupiga picha za "umaskini wa mjini". Nikamwomba anisimulie kwanza anavyofika kwao jioni. Akasema anaishi ghorofa ya nne, lifti imekufa siku nyingi, na pale ngazi zinapopinda katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu kuna kiti cha mbao. Mzee wa ghorofa ya tano ndiye aliyekiweka ili apumzike akipanda. Sasa kila mtu anakitumia: wajawazito, watoto wenye mabegi mazito, wanaobeba mitungi ya gesi. Nikamwambia aache kila kitu kingine. Mradi wake ulikuwa kwenye kile kiti.

Hapo ndipo pa kuanzia nawe. Tafuta mahali unapoweza kufika kwa miguu au kwa nauli usiyoihesabu, kwa sababu utarudi mara kumi na zaidi. Kisha andika swali moja ambalo hujui jibu lake. Yule mwanafunzi aliandika: "Watu wa jengo hili wanasaidianaje kupanda?" Swali kama "Kwa nini maskini wanateseka?" tayari limejibiwa kichwani mwako, na kamera itakwenda kukusanya ushahidi tu. Nikiona swali la namna hiyo, silipitishi hata kama mwanafunzi ana kamera nzuri kuliko yangu.

Ziara mbili za kwanza, usipige picha. Nenda na kamera, ining'inie shingoni waziwazi ili asije mtu akasema ulimficha jambo, lakini usiiinue. Kaa. Salimia. Sema jina lako, unasoma wapi, unataka kufanya nini, na picha zitaonyeshwa wapi. Andika kwenye daftari nani anapita saa ngapi na mwanga unaingia upande gani. Wanafunzi wengi huniambia huko ni kupoteza muda. Lakini watu wakishakuzoea huacha kujipanga mbele ya lenzi, na hapo ndipo picha zenye uhai huanza kupatikana.

Mpiga picha Mmarekani Bruce Davidson alipiga picha za mtaa mmoja tu wa New York, East 100th Street kule East Harlem, kwa miaka 2 kuanzia 1966. Hakutumia kamera ndogo ya kuchopoa haraka. Alibeba kamera kubwa ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu, kila mtu akawa anaiona anapokuja. Alikuwa akiomba ruhusa, na akirudi aliwapelekea watu picha zao. Wewe huna miaka miwili, una wiki kumi au kumi na mbili za muhula. Utaratibu wake bado unakufaa.

Kuhusu ridhaa nitasema kwa kirefu, maana hapa mimi mwenyewe nilikosea.

Nikiwa mwanafunzi nilimpiga picha mwanamke aliyelala kwenye benchi la kituo alfajiri, mkoba kifuani, viatu vimepangwa vizuri chini. Picha ilikuwa nzuri. Sikumwamsha wala sikumsubiri aamke. Kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka niliitundika na maelezo yanayosema ni mtu asiye na makazi. Siku ya tatu alikuja mwenyewe. Mtu anayemfahamu alikuwa ameiona. Mwanamke huyo alikuwa muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, anasubiri basi la kwanza kwenda kwake. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, ungeniamsha tu ukaniuliza." Niliiondoa picha siku ile ile na sijawahi kuionyesha tena. Nilichokosa ni dakika tano za kungoja.

Sheria za kupiga picha hadharani hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo uliza chuoni kwako kabla hujaanza. Lakini ruhusa ya sheria na ridhaa ya mtu ni mambo mawili. Mweleze mtu kwa lugha anayoizungumza nyumbani. Mwambie anaweza kukataa leo, na anaweza kubadili mawazo kesho, na picha yake itatolewa. Kama hapendi kusaini karatasi, mrekodi akisema kwa mdomo kwamba amekubali, pamoja na tarehe. Mtoto haridhii peke yake. Mtafute mzazi au mlezi, na umwulize mtoto pia, kwani mtoto aliyesukumwa mbele ya kamera anaonekana wazi kwenye picha. Ukitumia simu, zima kipengele kinachohifadhi mahali picha ilipopigwa, hasa kama unawapiga watu nyumbani kwao. Picha moja ikiwekwa mtandaoni na taarifa hizo inaweza kumpeleka mtu yeyote hadi mlangoni pao.

Vifaa visikusumbue. Kamera moja na lenzi moja ya milimita 35 inatosha, na simu yenye kamera safi inatosha pia. Lenzi ndefu ya kuvuta sura za watu kutoka mbali iache nyumbani, inakufanya mpelelezi. Kwenye ngazi zenye giza yule mwanafunzi aliweka ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, kwenye 3200, na kasi ya 1/125 ya sekunde, akakubali chembechembe kidogo badala ya kuwasha flashi usoni mwa mtu anayeshuka. Kila jioni alinakili picha zake sehemu mbili tofauti kabla ya kufuta kadi. Fanya hivyo bila kukosa, kwa sababu kadi zinakufa.

Sasa picha zenyewe. Wiki ya kwanza ya kupiga, alileta fremu 140, na karibu zote zilikuwa migongo ya watu wanaopanda. Ni kawaida; mgongo hauogopeshi. Niliziweka mezani nikamwuliza ni ipi ambayo mgeni hawezi kuipiga. Hakukuwa nayo. Nikamtuma arudi na kazi ndogo: mahali pote kwa upana, mtu mmoja akimtazama, mikono inayofanya kitu, kifaa kimoja kwa karibu sana, na watu wawili wanaogusana au kusemeshana. Mkusanyo wenye picha za upana tu unachosha; wenye nyuso tu haumwambii mtazamaji yuko wapi.

Ile kazi ya kifaa kwa karibu ndiyo iliyofungua mlango. Alipiga mguu wa nyuma wa kile kiti na kwenye skrini akaona umefungwa kwa waya wa shaba, mizunguko saba, imekazwa kwa koleo. Nani kafunga? Akaanza kuuliza mlango kwa mlango. Alikuwa kijana wa ghorofa ya tatu anayejifunza ufundi umeme, na mzee mwenye kiti hakuwa akijua. Alidhani ni mtunza jengo. Mwanafunzi wangu akawa na kisa, na akawa na sababu ya kuingia nyumba mbili ambazo hapo awali alipita tu mlangoni.

Kumfuata mtu hadi nyumbani kwake namna hii kuna historia. Mwaka 1942, jijini Washington, mpiga picha Gordon Parks alimpiga picha Ella Watson, aliyekuwa akifanya usafi kwenye ofisi za serikali, amesimama mbele ya bendera ya Marekani na fagio mkononi. Picha hiyo ndiyo inayojulikana. Lakini Parks aliendelea kumfuatilia kwa majuma kadhaa, nyumbani kwake, kanisani, akiwa na wajukuu, na ukizitazama pamoja unaona mtu mwenye familia na imani yake, zaidi ya fagio. Ukipata picha kali siku ya tatu, usifunge mradi. Mrudie mtu huyo siku asiyofanya kazi.

Maelezo ya picha andika siku hiyo hiyo, kabla ya kulala. Jina kama mwenyewe anavyotaka liandikwe, anafanya nini, wapi, tarehe, halafu jambo moja ambalo picha haiwezi kulisema. Lewis Hine, alipokuwa akipiga picha za watoto wanaofanya kazi viwandani Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika majina na umri, na alikadiria urefu wa mtoto kwa vifungo vya koti alilovaa Hine mwenyewe. Kwa upande mwingine, mpiga picha Dorothea Lange alipompiga mama mmoja mhamiaji, kibarua wa mashambani kule California, mwaka 1936, hakumuuliza jina. Picha ikazunguka dunia nzima, na Florence Owens Thompson akajulikana kwa jina mwaka 1978 tu, zaidi ya miaka 40 baadaye, akisema wazi kwamba haikumfaidi kitu. Mimi nakataa picha yoyote isiyo na jina, isipokuwa mhusika mwenyewe ameomba lisiandikwe. Na maneno kama "licha ya dhiki, anatabasamu" yafute. Hujui yaliyo moyoni mwake.

Kuchagua ndiko kunakoumiza. Safisha nakala ndogo, hata za karatasi ya kawaida, uzitandaze sakafuni. Kwenye skrini picha hushindana moja moja. Sakafuni unaona zinazorudia jambo lile lile. Kutoka 900 shuka hadi 60, lala, kisha 25, kisha kati ya 12 na 15. Ile uliyoipata kwa taabu kubwa huenda ikawa ya kwanza kutoka, kwani mtazamaji haoni jasho lako. Kabla hujafunga orodha, wapelekee waliomo. Hapa wenzangu wengi hatukubaliani. Wanasema mhusika asipewe kalamu ya mhariri. Mimi sisemi apewe kalamu, nasema aulizwe kama kuna kitu umekielewa vibaya. Yule kijana wa waya alitazama mfululizo wote akasema, "Umepiga tunaopanda. Mbona hakuna anayeshuka?" Mwanafunzi akarudi siku mbili zaidi, asubuhi, na picha iliyofungua maonyesho yake ni ya hizo siku mbili: mama na binti wanashuka, binti mbele, mkono wa mama umeshika begi lake kwa nyuma.

Onyesho la kwanza lifanye pale pale mradi ulipofanyika, kabla ya chuo. Mwanafunzi wangu alibandika picha 14 kwa gundi ya karatasi ukutani, kuanzia chini hadi ghorofa ya tano, kila moja karibu na mahali ilipopigwa. Mwalimu utamwonyesha baadaye, na kwake ongeza ukurasa mmoja unaosema ulienda mara ngapi, nani alikataa, na ulibadilisha nini kwa sababu yao.

Halafu gawa nakala. Zihesabu kwenye bajeti tangu mwanzo, moja kwa kila mtu aliyemo, na nyuma andika tarehe na jina lako kwa kalamu isiyofutika. Mzee wa ghorofa ya tano alipewa yake akiwa amekaa kwenye kiti. Aliishika mbali kidogo na macho, akaisogeza karibu, kisha akaomba nakala ya pili. Nyuma yake kwenye picha, nusu ya uso umekatwa na ukingo, alikuwemo mdogo wake, ambaye alikuwa amehamia mbali mwezi huo.