Somo: Kuitafuta Hadari ukiwa Mtwara au Lindi

Somo hili ni la mwanzoni mwa Juni, mvua zimekatika na kipupwe kimeingia. Hadari ni nyota jitu ya buluu-nyeupe, ya pili kwa mng'ao katika kundi la Kantarusi. Darubini haihitajiki.

Kwanza, ngoja saa 3 usiku, siku isiyo na mbalamwezi. Bahari isikupotoshe: hatutazami mashariki bali kusini, kule uliko Mto Ruvuma.

Pili, nyoosha mkono, kunja ngumi. Ngumi moja ni kama digrii 10. Panda ngumi nne kutoka upeo wa macho utakuta nyota mbili angavu zimekaribiana, na kulia kwake Msalaba wa Kusini umeanza kulala. Iliyo upande wa Msalaba ndiyo Hadari. Ya kushoto, yenye umanjano, ni Rijili Kantori. Hii inaizidi Hadari kwa mng'ao, lakini kwa ujirani tu: iko miaka nuru 4 na ushei (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), Hadari iko kama 390. Mwanga wa Hadari unaouona leo uling'oka Wareno wakiwa bado ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa!

Tatu, angalia usije ukashika msalaba wa uongo, ule ulio magharibi zaidi. Huo hauna nyota mbili za kuuelekeza.

Sasa jina, ndipo penye utamu. Waarabu wa kale walikuwa na jozi ya nyota, Hadari na Wazni, wakaziita "muhlifani", za kuwalisha watu yamini: mmoja anaapa ile ni Suhail (nyota angavu ya kusini, Canopus), mwenzake anaapa siyo. Ni nyota zipi hasa? Wataalamu wao wenyewe walitofautiana, kwa hiyo anayedai jina lilikuwa la nyota hii tangu mwanzo anatia chumvi. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliidhinisha tahajia ya Hadar mwaka 2016. Jina jingine, Agena, huhusishwa na goti kwa Kilatini. Wasotho na Watswana waliona twiga katika nyota za Msalaba na hizi mbili. Mimi nawaunga mkono, shingo zinaonekana.

MASWALI

Mwanachama, Nachingwea: Shikamoo mwalimu. Kusini kwangu ni mikorosho mitupu, nitaiona?
Jibu: Marahaba. Sogea nyuma hadi vilele vishuke chini ya ngumi nne. Juni haitui mpaka karibu na alfajiri, una muda.

Mwanachama, Masasi: Ni nyota moja kweli?
Jibu: Ni tatu. Mbili zinazungukana kwa siku zipatazo 357, kila moja ina zaidi ya mara kumi ya tungamo la Jua. Ya tatu iko mbali nazo. Kwa macho hutazitenganisha.

Mwanachama, Kilwa: Na Desemba je?
Jibu: Jioni huipati. Katikati ya mwezi huchomoza baada ya saa 7 na nusu usiku, kusini-mashariki. Ngoja saa 10 ipande kidogo.