Kabla hujanunua heller ya Tabora, ikague hivi

Wadau wa sarafu za kale, naona watu wanapigwa sana na hizi heller za Mjerumani zilizotengenezwa hapa kwetu Tabora mwaka 1916, na kinachoniuma zaidi ni kwamba mtu anaiacha orijino mezani eti ni mbaya mbaya halafu anaondoka na feki kwa sababu inang'aa. Sasa ngoja niwaambie mi huwa naangalia nini.

Anza na zilivyotengenezwa maana kila kitu kinatokea hapo. Vita ya kwanza ilipopamba moto Waingereza wakaifunga bahari, sarafu toka Ujerumani hazifiki tena, ikabidi wapige zao huku bara kwenye karakana ya reli, upande wa Lulanguru. Walipiga miezi michache tu mpaka Wabelgiji walipoingia Tabora Septemba 1916. Kwahiyo ile 20 heller ipo ya shaba nyekundu na ipo ya shaba ya njano, kuna nene kuna nyembamba, nyingine picha imekaa upande. Hata taji lipo kubwa na lipo dogo, na ncha za L mbili kwenye neno HELLER hazifanani kwenye zote. Ikiwa ya kwako haifanani na ya jirani yako usiitupe, hizo ni aina zake zinazojulikana.

Kitu cha kutafuta ni hiki: orijino ilipigwa chapa kwa mashine, feki nyingi zinamiminwa kwenye kalibu. Chukua lenzi, simama juani, angalia herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani) chini ya taji. Ya kupigwa, hata ikiwa imelika juu, pale herufi inapokutana na uso wa sarafu utaona kona imekaa kali. Ya kumiminwa herufi imelegea chini kama sabuni iliyolala majini, na uso wake una vitundu vidogo vidogo vya hewa na vinundu. Kisha pitisha kucha taratibu kwenye ukingo kuzunguka yote, ukigusa mstari umekatiza katikati, yaani pale kalibu ilipoungana, au umepigwa tupa kuuficha, mrudishie mwenyewe. Sumaku nayo ibebe, shaba haivutwi, ikinasa ujue ndani ni chuma.

Ya dhahabu ndo yenye vilio. Ile 15 rupien (yaani rupia 15) ya Tabora 1916 yenye tembo na milima nyuma yake, upande wa pili tai, zilipigwa kama 16,000 tu, kwahiyo ukiitiwa kwa bei ya mbuzi jiulize kwanini. Uzito wake ni gramu 7.17 hivi, dhahabu asilimia 75. Nenda nayo kwa sonara mwenye mizani nzuri, weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha namba sifuri, alafu ifunge sarafu kwa uzi mwembamba uizamishe ining'inie bila kugusa chini wala pembeni. Namba itapanda kwa gramu 0.5 hivi au pungufu kidogo. Shaba ya njano iliyochovywa dhahabu ikiwa na uzito huohuo itapandisha 0.8 na zaidi, na ikiwa na ukubwa sawa na ya kweli basi uzito wake wenyewe hautafika hata gramu 5. Angalia pia alama za kulehemu juu ya tembo, nyingi ziliwahi kufanywa vidani na hapo bei inashuka hata kama ni ya kweli.

Rupia za fedha sio za Tabora, zilitoka Ujerumani, zina gramu 11.66 na kichwa cha Kaiser Wilhelm na kofia yenye tai. Ziliishia 1914, so rupia ya fedha iliyoandikwa 1916 usiijadili hata.

Na tafadhali ndugu zangu, mtu akianza kukwambia inavuta mchele au inazima tochi, ina zebaki ndani, kuna mzungu anaisubiri Dar, we ondoka. Hakuna sarafu ya Mjerumani inayofanya hivyo, ni maneno ya kukutoa pesa. Anayesema kaifukua muulize wapi na kwa kibali gani, kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na kuchimba kiholela kutakuponza hata wewe mnunuzi.

Omba picha za pande zote mbili na ukingo kabla hujapanda bodaboda kumfuata muuzaji. Ukishanunua usiisugue na ndimu, majivu wala steelwool, ule weusi wa miaka mia ndo wenye kukusanya wanaulipia, ikiwa na udongo iloweke kwenye maji safi tu, ikaushe, iweke kwenye karatasi kavu.