Somo: Kuusoma mchezo wako wa kriketi kwenye gemu, mpira mmoja mmoja

Ubao wa mwisho wa mechi unakwambia umetolewa kwa mikimbio (pointi) 112. Haukwambii ni mpira gani unaokumaliza, wala pigo gani linakula wiketi (linakutolea mpigaji) bila kulipa. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa kwenye banda la gemu Mabatini, Mwanza, mwezi mzima, akabadilisha timu, akabadilisha pedi, na bado anatolewa vilevile ova ya kumi na mbili.

Somo hili ni la mechi za ova 20 (ova ni mipira sita, hivyo mipira 120 kwa kila upande, wenye wiketi 10 za kupoteza). Linafaa kwa PS, kompyuta au simu. Unahitaji daftari, kalamu, na programu yoyote ya majedwali kama Excel au Google Sheets.

Hatua ya 1: Funga mipangilio

Chagua kiwango kimoja cha ugumu, aina moja ya uwanja na timu moja, kisha usiviguse hadi umalize mipira 300 hivi. Ukichanganya mechi za kiwango rahisi na kigumu kwenye jedwali moja, utapata wastani wa wachezaji wawili ambao hakuna hata mmoja aliye wewe.

Hatua ya 2: Pata kumbukumbu ya kila mpira

Usiandike huku unacheza, utaharibu vyote viwili. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kurekodi. PS4 kwa kawaida hutunza dakika 15 za mwisho, lakini kwenye mipangilio unaweza kuipandisha hadi dakika 60. Ukimaliza inningi (zamu ya kupiga) unahifadhi, unahamishia kwenye flashi, unaangalia nyumbani. Kwenye banda muombe mwenye mashine kwanza, maana video hujaza diski yake. Simu nyingi za Android za sasa zina rekodi ya skrini ndani yake, hakuna cha kupakua.

Njia ya pili ni mwenzako anayesubiri zamu. Mpe daftari lenye mistari 20 na vyumba 6 kila mstari. Kwa kweli hii ndiyo naipenda zaidi: umeme ukikatika katikati ya ova ya 17, video ambayo haijahifadhiwa imekwenda, daftari lipo.

Hatua ya 3: Msimbo wa herufi

Kila mpira uandikwe kwa mpangilio huu, bila nafasi katikati:

Mrushaji: K kasi, S spina (mpira wa taratibu unaozungushwa).
Urefu: F mfupi, K wa kati, R mrefu unaotua karibu na miguu yako, Y yoka (unaotua miguuni kabisa).
Mstari: N nje ya stampu (vijiti vitatu vya nyuma yako) za upande wa ofu (mkabala na upande wa miguu), S kwenye stampu, M upande wa miguu.
Pigo: A umeacha, Z umezuia, C umepigia chini, J umeinua juu.
Wakati: M mapema, S sawasawa, L limechelewa, H kama hukupiga.
Kisha mikimbio, 0 hadi 6.
Umetolewa? Malizia na X. Kama ni rani-auti (umetolewa ukikimbia), andika R badala ya X.

Kwa hiyo KFNJL4 ni mpira wa kasi, mfupi, nje ya ofu, umeinuliwa, pigo limechelewa kidogo, ukapata nne. SRSCM0X ni spina ndefu kwenye stampu, umepiga chini mapema, umetoka.

Rani-auti inatengwa kwa sababu haisemi lolote kuhusu pigo. Ni kosa la kukimbia, lina somo lake. Waidi (mpira uliorushwa mbali mno na mpigaji) usiiandike kabisa kwenye jedwali la mpigaji, kwani haihesabiwi kuwa mpira aliocheza. Nobo (mpira uliorushwa kinyume cha sheria), kinyume chake, inahesabiwa kwa mpigaji ingawa haihesabiwi ndani ya ova.

Kosa kubwa kuliko yote liko hapa: kuandika auti (mipira iliyokutoa) peke yake. Ukikuta auti saba kati ya kumi zimetokana na mipira mifupi, utakimbilia kusema mpira mfupi unakushinda. Lakini kama mipira saba kati ya kila kumi uliyorushiwa ilikuwa mifupi, hakuna tatizo lolote pale. Andika yote, hata ile uliyoacha ikapita kwa mlinda wiketi.

Hatua ya 4: Ingiza kwenye jedwali

Safu A iwe namba ya mechi, B ova (1 hadi 20), C msimbo. Usianze kugawa herufi kwa mkono, iache fomula ifanye. Kwenye mstari wa 2:

D: =MID(C2,1,1)
E: =MID(C2,2,1)
F: =MID(C2,3,1)
G: =MID(C2,4,1)
H: =MID(C2,5,1)
I: =VALUE(MID(C2,6,1))
J: =IF(MID(C2,7,1)="X",1,0)
K: =IF(B2<=6,"P",IF(B2<=15,"K","M"))

Safu K ni awamu ya mchezo: P pawaplei, K kati, M mwisho. Ova 6 za mwanzo ni pawaplei, ambapo walinzi wawili tu wanaruhusiwa nje ya duara lililochorwa ndani ya uwanja. Baada ya hapo wanaruhusiwa hadi watano. Pigo lile lile la juu lililokuwa salama ova ya nne linadakwa kwenye mpaka ova ya tisa, na wengi hawajui kwa nini.

Buruta fomula hadi chini. Ukiona #VALUE! kwenye safu I, karibu kila mara umeandika herufi O badala ya sifuri, au kuna nafasi mwanzoni mwa msimbo iliyosukuma kila kitu hatua moja. Fomula ikikataliwa nzima, kompyuta yako inataka nukta-mkato badala ya mkato. Ni mpangilio wa eneo tu.

Hatua ya 5: Maswali matatu kwa kila pigo

Chukua mpira mfupi ulioinuliwa juu:

Mipira: =COUNTIFS(E:E,"F",G:G,"J")
Mikimbio: =SUMIFS(I:I,E:E,"F",G:G,"J")
Auti: =SUMIFS(J:J,E:E,"F",G:G,"J")

Mikimbio gawa kwa mipira, zidisha mara 100: hiyo ni kasi ya kufunga. Mipira gawa kwa auti: hiyo ni bei ya pigo, yaani unacheza mipira mingapi kabla halijakutoa. Namba ikiwa ndogo, pigo ni ghali. Watu wote hutazama ya kwanza. Ya pili ndiyo inayoshinda mechi.

Tuchukue mfano. Mipira mifupi ukiinua: mipira 60, mikimbio 96, auti 8. Kasi ni 160, bei ni mipira 7.5 kwa wiketi. Ukipiga chini: mipira 75, mikimbio 90, auti 2. Kasi 120, bei 37.5.

Nani bora? Tufanye mipira yote 120 ni mifupi. Anayeinua anamaliza wiketi 10 ndani ya mipira 75, yaani ova 12 na nusu, akiwa na mikimbio 120. Anayepiga chini anacheza ova zote 20 na kupata 144, tena hajapoteza hata wiketi nne. Mwenye kasi ndogo kamshinda mwenye kasi kubwa kwa 24. Si mambo ya gemu tu: Kombe la Dunia la T20 la 2024, jirani zetu Uganda walitolewa na West Indies kwa 39 ndani ya ova 12, mipira 72 kwa wiketi 10. Ova nane zilibaki bila mtu wa kuzicheza.

Hatua ya 6: Linganisha bei na mfuko

Kila wakati gawa mipira iliyobaki kwa wiketi ulizobakiza: huo ndio mfuko wako. Mwanzo ni 120 kwa 10, yaani 12. Pigo lenye bei chini ya 12 huliwezi kama chakula cha kila siku. Ni la mara mojamoja. Ikifika ova ya 15 imeisha una wiketi 7, ni 30 kwa 7, yaani 4.3. Sasa lile pigo la juu lenye bei 7.5 limekuwa rahisi, na kuendelea kupiga chini ni kubaki na wiketi ambazo hazitakufaa mechi ikiisha. Kati ya mapigo unayoyamudu, chagua lenye kasi kubwa. Kanuni ni hiyo tu, na inabadilika kila ova.

Jedwali likishakuwa na mipira ya kutosha, ongeza K:K,"M" kwenye fomula ili uone ova za mwisho peke yake.

Hatua ya 7: Usiamini haraka

Dagaa wa soko la Mwaloni hawapimwi kwa kiganja kimoja. Kipimo cha haraka: chukua idadi ya auti, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha jumlisha na toa. Auti 8 zina kipeuo karibu 3, kwa hiyo kwa bahati tu zingeweza kuwa 5 au 11. Auti 2 zingeweza kuwa 1 hadi 3. Hata tukichukua 5 kati ya 60 dhidi ya 3 kati ya 75, bado kuinua ni ghali zaidi, basi tofauti ina uzito. Lakini ukikuta auti 4 kati ya mipira 50 dhidi ya 6 kati ya 50, usibadilishe chochote. Cheza zaidi.

Ukibadilisha, badilisha kitu kimoja, kwa mfano kutoinua mpira mfupi kabla ya ova ya 15. Ukigusa vitatu kwa pamoja, hutajua kipi kilisaidia.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Igoma:* Mwangaluka mkuu. Sina kompyuta, nina simu tu. Fomula hizi zitakubali?

Mwangaluka, kaka. Google Sheets ya kwenye simu inazikubali zote. Washa matumizi bila mtandao kwa faili hilo ili bando likiisha uendelee. Andika misimbo ya mechi nzima kwenye safu C kwanza, fomula nakili baadaye. Kuruka safu kwa kidole kunaleta makosa.

*Mwanachama, Nyegezi:* Safu yangu ya wakati imejaa L. Mipira 140 niliyopiga, zaidi ya 90 ni L. Ni mikono yangu au luninga ya bandani?

Tenganisha K na S kwenye safu D. Kama unachelewa kwa kasi peke yake, ni wewe. Kama unachelewa kwa spina pia kwa kiwango kilekile, ishuku luninga. Uwanjani mpira wa kilomita 140 kwa saa unamfikia mpigaji ndani ya karibu nusu sekunde. Luninga ikichelewesha picha kwa sehemu ya kumi ya sekunde imeshakula moja ya tano ya muda huo. Tafuta kwenye menyu yake hali ya gemu na uiwashe, zima na viboreshaji vya picha. Kisha anza jedwali jipya. Usichanganye na lile la zamani.

*Mwanachama, Kirumba:* Kwenye urushaji nimeandika ova 5.3, mikimbio 42, nikagawa nikapata 7.92 kwa ova. Gemu inasema 7.64. Gemu imekosea?

Haijakosea. 5.3 si tano nukta tatu, ni ova tano na mipira mitatu, yaani 33. Gawa 33 kwa 6 upate 5.5, kisha 42 kwa 5.5. Kwenye jedwali hesabu mipira siku zote, ova ziache kwenye ubao.

*Mwanachama, Buzuruga:* Mwalimu, mimi nacheza na binadamu, si kompyuta. Jamaa yangu ananisoma, kila mpira wa sita anaujua kabla sijarusha. Nifanyeje?

Andika urushaji wako kwa msimbo uleule, kisha kwenye safu L weka mikimbio ya mpira uliotangulia: mstari wa 3 uwe =I2. Tazama ulirusha nini kila L inapokuwa 4 au 6. Wengi wakipigwa hukimbilia yoka, na adui ameshajua. Ikiwa urefu mmoja umezidi nusu ya mipira hiyo, umejiuza mwenyewe. Panga mipira ya ova kwa kurusha dadu kabla hujaanza, 1 na 2 fupi, 3 na 4 kati, 5 na 6 yoka, na uifuate hata ukipigwa. Dada, usimwonyeshe daftari tu.

*Mwanachama, Ukerewe:* Gemu yangu ya simu ina ova 5 tu. Kanuni ya mfuko inafaa?

Inafaa sana, na jibu linageuka. 30 kwa 10 ni 3, kwa hiyo pigo la bei 7.5 ni rahisi tangu mpira wa kwanza. Ukiinua ova zote tano unatarajia kupoteza wiketi 4 tu. Kwenye mechi hizo mpira mkavu (usioleta mkimbio) ndio ghali kuliko auti. Hesabu Z na A zako: zikizidi 6 kati ya 30, umetupa ova nzima.