Ukikatwa na Tumbawe: Jinsi ya Kuisaidia Kinga ya Mwili

Maji yakipwa Nyali au Bamburi, wengi hutembea miambani pekupeku, na tumbawe hukata kama wembe. Ngozi ndiyo ukuta wa kwanza wa mwili. Ikipasuka, bakteria huingia papo hapo. Ndani ya saa chache chembe nyeupe za damu huwa zimeshafika kuwameza. Kazi yako ni kuzipunguzia mzigo.

Osha kwanza, wala usiharakishe: maji safi yanayotiririka (ya bahari hayafai) na sabuni, dakika 5 hadi 10. Kisha tazama jeraha penye mwanga. Ukiona punje nyeupe kama mchanga, zitoe kwa kibano kilichochemshwa dakika 20. Punje ikibaki, chembe nyeupe haziwezi kuimeza, na bakteria hujificha humo. Ndiyo maana vidonda vya tumbawe hutunga usaha siku nyingi. Usaha wenyewe ni chembe nyeupe zilizokufa pamoja na bakteria. Usimimine spiriti ndani ya jeraha, maana huua pia chembe hai zinazoliziba. Majivu na dawa ya meno, hapana kabisa. Funga bandeji safi, ubadilishe kila siku au ikilowa.

Siku 2 au 3 za mwanzo, joto na uvimbe kidogo ni kawaida: mishipa ya damu imetanuka kupitisha walinzi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane, basi gusa kwa mgongo wa kiganja, ulinganishe na mguu wa pili. Ukiota mtoki kinenani, usiukande. Ni tezi inayochuja kilichopanda kutoka mguuni, tibu kidonda.

Pepopunda ni jambo jingine. Sumu yake huua kwa kiasi kidogo mno, kisichotosha kuifunza kinga, hata aliyepona bado huhitaji chanjo. Jeraha likiwa chafu au la kina, na sindano yako ya mwisho imepita miaka 5 au huikumbuki, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Dalili huchukua siku 3 hadi 21 kujitokeza, kidonda kikiwa pengine kimeshafunga.

Nenda pia upesi ukiona mstari unapanda mguuni, homa ikifika 38, au maumivu yakizidi baada ya siku ya 3. Mwenye kisukari asingoje dalili hizo: sukari nyingi hudhoofisha chembe nyeupe, na mguu uliokufa ganzi hautamwambia kwamba kidonda kinaoza.