Jinsi ya kujua dehidrojenesi inashika upande gani wa NADH, na vile hiyo inakuonyesha ukoo wa enzaimu

Hii ni ya nyinyi mnaosoma biokemia Egerton, Maseno, Masinde Muliro na kwingineko, mmekariri NADH inabeba hidrojeni, na dehidrojenesi ni enzaimu inayoihamisha, basi mkapita, na utamu wenyewe uko hapo hapo.

Anza na mchoro. Chora pete ya nikotinamidi, ile sehemu ya NADH inayobeba hidrojeni, nitrojeni iwe chini, kaboni namba 4 juu, kile kikundi cha amidi kikae kulia kwako. Kwa NADH hiyo kaboni 4 iko na hidrojeni mbili, moja inakuja upande wako na ingine inaenda nyuma ya karatasi. Inayokuja kwako ndio ya upande A, ya nyuma ni B. Ukiangalia haraka hizo pande zinafanana kama za chapati lakini enzaimu haichanganyi, inatoa ile ile kila mara. Watafiti Westheimer, Vennesland na wenzao walionyesha hivyo Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1950, na enzaimu ya hamira na ethanoli yenye diuteri, yaani hidrojeni nzito.

Sasa jaribio lenyewe. Chukua NAD+ (ni NADH ikiwa haijabeba hidrojeni), ethanoli yenye diuteri kwa kaboni namba 1, na alkoholi dehidrojenesi ya hamira, utapata NADH yenye diuteri upande A. Isafishe na uiweke mbali na asidi tafadhali, NADH huharibika haraka sana hapo. Alafu ipatie enzaimu unayochunguza pamoja na substreti yake, yaani kitu inachokifanyia kazi, ngoja reaksheni iishe, uulize diuteri imeenda wapi. Ikiwa imehamia kwa kile kilichotengenezwa, enzaimu yako ni ya A, ikiwa imebaki kwa NAD+ ni ya B. Kwa NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha hidrojeni za molekuli, angalia karibu 8.8 ppm, hapo ndio hukaa hidrojeni ya kaboni 4 ya NAD+: hiyo hidrojeni ikionekana, diuteri ilitoka, isipoonekana, diuteri bado imekaa. Na usiruke kontroli, yaani jaribio la kulinganisha, weka glutameti dehidrojenesi ambayo inajulikana ni ya B.

Ukishapata jibu usikimbilie kusema hizi ni ndugu. Pande ni mbili tu, kwa hivyo enzaimu mbili kufanana upande inaweza kuwa bahati. Kutofautiana ndiko kunasema mengi: alkoholi dehidrojenesi ya hamira ni ya A na inahitaji zinki, ile ya inzi wa matunda Drosophila ni ya B na haina zinki, kazi moja lakini ukoo tofauti kabisa. Kwa upande mwingine lakteti dehidrojenesi na maleti dehidrojenesi zote ni A, miundo inafanana, na mwaka 1988 watafiti walibadilisha amino asidi moja tu, namba 102, lakteti dehidrojenesi ya bakteria ikaanza kupenda oksaloaseteti, ambayo ni substreti ya maleti dehidrojenesi. Mkemia Steven Benner alisema 1982 kwamba upande unafuata nishati ya reaksheni yenyewe, si ukoo, ni hoja nzito, lakini mimi naegemea ukoo.

Kwa njia nzima, yaani mfululizo wa reaksheni, inakuwa tamu zaidi. Chukua bakteria wanaochachisha mursik, yale maziwa lala: dehidrojenesi ya gliseraldehidi-3-fosfeti inaweka hidrojeni upande B, lakteti dehidrojenesi inatoa ya upande A. Kwa hivyo hidrojeni iliyotoka kwa sukari haiendi moja kwa moja kwa lakteti, inabaki kwa NAD+, na raundi inayofuata ikiwekwa ingine upande B ile ya zamani inasukumwa upande A, ndio sasa inachukuliwa. Hamira kwa busaa, ile pombe ya nafaka, ni hivyo hivyo, ila mwisho ni ethanoli. Hatua mbili za njia moja, pande mbili tofauti, na hiyo inaendana na wazo la mtafiti Jensen la 1976 kwamba njia ziliungwa na enzaimu zilizookotwa huku na kule. Kwa hivyo ukichora glikolisisi, hiyo njia ya kuvunja sukari, tena, andika A ama B kando ya kila dehidrojenesi, na chini yake uandike familia ya protini.