Baiskeli Mbili za Umeme za Mizigo: Jinsi ya Kuchagua Moja

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuchuja akabaki na baiskeli mbili. Ya kwanza ni ya mkia mrefu: keria ya nyuma imerefushwa ili kubeba watoto, makreti au mabegi. Ya pili ni ya sanduku la mbele, ambamo mzigo hukaa chini, kati ya hendeli na gurudumu la mbele, umbo lililoanzia Denmark miaka ya 1920. Zote zina mota na betri, zote zinasifiwa, na karatasi zake za vipimo zinakaribiana.

Msimamo wangu niuseme mapema. Baiskeli ya mizigo haichaguliwi kwa kukimbia. Kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa, ambapo mota nyingi za Ulaya huacha kusaidia kwa mujibu wa sheria, karibu kila baiskeli inatulia. Matatizo huanza ikiwa imesimama, ikisukumwa kwa mkono, au ikianza kuondoka na mzigo juu yake. Kwa hiyo majaribio mengi hapa chini hufanywa polepole.

Hatua ya 1: Pima mzigo wako kwa mizani

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na muuzaji anayekuambia "inabeba tu" si yeye atakayepanda mlima nao. Chukua mizani ya kupimia watu, simama juu yake ukiwa umebeba vitu vya siku yako nzito kuliko zote, kisha simama mikono mitupu. Toa namba moja kwa nyingine. Kama unabeba watoto, weka na kilo watakazoongeza ndani ya miaka miwili ijayo.

Sasa tafuta kwenye karatasi ya kila baiskeli uzito wa jumla unaoruhusiwa. Namba hiyo inahesabu kila kitu, baiskeli yenyewe ikiwemo, na wengi huisoma kama uzito wa mzigo. Tuseme ya mkia mrefu inaruhusu kilo 200. Toa baiskeli kilo 33, wewe kilo 78, na kilo 4 za kufuli, koti la mvua na vifaa vya pancha. Zinabaki kilo 85. Halafu angalia kikomo cha keria peke yake: kikiwa kilo 80, basi 80 ndiyo yako. Namba ndogo ndiyo inayotawala.

Umbo la mzigo nalo lina neno lake. Sanduku la mbele halidai ufundi wa kufunga. Unatupia vitu ndani na kuondoka. Mkia mrefu unahitaji mikanda na mabegi ya pembeni, lakini kitu kirefu kama ngazi au mbao hukaa vizuri zaidi ubavuni mwake.

Hatua ya 2: Ichore sakafuni

Pima pale baiskeli itakapolala, kisha uichore kwa chaki kwa urefu na upana wake halisi. Ya mkia mrefu yenye magurudumu ya inchi 20, kama Tern GSD, ina urefu wa karibu mita 1.8, sawa na baiskeli ya kawaida, na inaweza hata kusimamishwa wima kwa mkia wake. Ya sanduku la mbele hufika mita 2.5 na zaidi. Usipime nafasi ya kulala tu, pima na kona ya kuingilia. Mlango mpana mwishoni mwa ujia mwembamba hausaidii kitu.

Kama kuna ngazi kati ya barabara na mahali hapo, simama hapohapo. Baiskeli ya kilo 35 hadi 50 haipandishwi ngazi kila siku, hata uwe na mabega ya namna gani.

Hatua ya 3: Isukume na uisimamishe kabla hujaipanda

Mota ikiwa imezimwa, isukume mbele, irudishe nyuma, igeuze kwenye nafasi finyu. Kisha iweke kwenye stendi na utoe mikono. Stendi ya baiskeli ya mizigo ni ya miguu miwili, na hapa ndipo tofauti huonekana. Shika sanduku au keria uitikise kushoto na kulia. Ikicheza kidogo, si neno. Ikiinama upande mmoja na kubaki hapo, achana nayo, maana siku moja mtoto atapanda upande huohuo.

Pakia madumu mawili ya maji. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na ukiliacha halijajaa kabisa maji yatachezacheza ndani, mtihani mkali kuliko mzigo uliotulia. Sasa itoe kwenye stendi. Nzuri hutoka kwa kusukumwa mbele tu, stendi ikajikunja yenyewe. Mbaya inakulazimu kuinua. Jaribu kuirudisha kwenye stendi pia, tena mara kadhaa, kwa sababu kila unaposimama njiani utakuwa unafanya hivyo.

Kwa ya sanduku la mbele kuna ukaguzi wa ziada. Usukani wake hauko juu ya gurudumu, hivyo hendeli huligeuza kwa fito ndefu ya chuma au kwa nyaya. Mtu ashike gurudumu la mbele lisigeuke, wewe utikise hendeli taratibu huku umeweka kidole kwenye kiungio cha fito. Ukisikia kugonga kidoleni, kiungio kimelegea. Kwenye baiskeli mpya fundi atakaza. Kwenye iliyotumika, uliza mara ya mwisho kilibadilishwa lini.

Hatua ya 4: Panda ukiwa na mzigo, polepole

Ondoka na madumu yako. Fanya mambo manne: anza kwenye mwinuko, geuka mviringo mdogo, tembea kwa kasi ya mtu anayetembea kwa miguu, na funga breki ghafla kwenye mteremko.

Mkia mrefu utauzoea upesi, kwani unaendeshwa kama baiskeli nyingine. Kasoro yake ni mzigo kukaa juu: ukipakia kwa kimo, nyuma inayumba na fremu dhaifu hujisokota, utaisikia kiunoni. Sanduku la mbele hukuchanganya mwanzoni kwa sababu gurudumu liko mbali na macho yako. Usilihukumu kwa dakika tano za kwanza. Likishazoeleka, uzito wake wa chini hulifanya litulie kuliko mkia mrefu, na mzigo, au mtoto, unamwona muda wote.

Hatua ya 5: Hesabu betri

Zidisha volti kwa ampea-saa, upate wati-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 ina wati-saa 504. Ya volti 48 na ampea-saa 15 ina 720. Baiskeli iliyobeba, kwenye njia yenye vilima vya wastani, tumia makadirio ya wati-saa 15 kwa kilomita. Ya kwanza itakupa kama kilomita 33, ya pili 48. Kisha punguza sehemu moja ya tano, kwa kuwa betri huchoka. Usifuate umbali wa kwenye tangazo, mara nyingi hupimwa na mtu mwepesi katika hali ya msaada mdogo. Kama kilichobaki kinatosha safari yako ya siku, betri kubwa zaidi ni uzito wa bure.

Hakikisha betri inachomoka, na kwamba mfumo wa umeme umepimwa kwa kiwango kinachojulikana, mfano UL 2849 ya Marekani au EN 15194 ya Ulaya. Hapo sina mzaha, moto wa betri ya lithiamu hauzimiki kirahisi.

Hatua ya 6: Mota

Usishindanishe wati. Uliza iko wapi. Mota ya katikati, penye pedeli, hupitisha nguvu kwenye gia, hivyo ukishusha gia inapanda mlima bila kujichosha. Gharama yake ni cheni kulika haraka. Mota ya kitovu cha gurudumu ni rahisi na haili cheni, ila kwenye mwinuko mrefu wa polepole hupata moto na kupoteza nguvu. Kupandisha kilo 180 kwenye mwinuko wa asilimia 8, kwa kilomita 8 kwa saa, kunadai zaidi ya wati 310. Kwenye tambarare, ya kitovu inatosha. Kwenye vilima, chukua ya katikati.

Uliza pia kuhusu sensa, yaani kifaa kinachoiambia mota lini isaidie. Inayopima nguvu ya mguu huongeza msaada kwa ulaini. Inayohesabu tu mzunguko wa pedeli huchelewa kisha husukuma kwa ghafla, jambo baya ukianza na mtoto nyuma.

Hatua ya 7: Breki, fremu, fundi

Breki ziwe za diski na za mafuta, mbele na nyuma. Kuhusu fremu, uliza kama imepimwa kwa kiwango cha baiskeli za mizigo, kama DIN 79010 ya Ujerumani au EN 17860 ya Ulaya. Februari 2024 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Uholanzi, NVWA, iliamuru kampuni ya Babboe isitishe mauzo ya baiskeli zake za mizigo kwa sababu ya fremu kuvunjika, kwa hiyo swali hilo si la kujisumbua bure.

Kisha mwite fundi wako umuulize: tairi, tyubu na spoki za saizi hii anazo? Inchi 20 mara nyingi hupatikana. Gurudumu la nyuma la mota ya kitovu halifunguki bila kuchomoa waya, na si kila fundi atakubali.

Hatua ya 8: Amua

Ukiwa na nafasi finyu, au unabeba watoto wakubwa wanaojishika wenyewe, chukua mkia mrefu. Ukiwa na watoto wadogo, mizigo mizito isiyo na umbo, na mahali pa kuilaza pasipo ngazi, chukua sanduku la mbele. Zikilingana kabisa, chukua ile ambayo stendi yake haikukutoa jasho.

Kabla ya kuondoka dukani, dai funguo mbili za betri na uandike namba iliyochongwa kwenye funguo hizo. Baada ya wiki chache za mzigo, rudi zikazwe spoki za nyuma.