Virusi vimeisha ila tumbo bado: namna ya kuishi nalo

Kama ulishikwa na virusi vya tumbo, au hata korona, homa ikaisha, kutapika kukaisha, wenzako wote wakapona ila wewe tumbo bado linaunguruma na kujaa gesi, leo unaharisha kesho choo hakitoki, na huu mwezi wa tatu sasa, basi soma hapa. Hujitungii ugonjwa. Takriban mtu 1 kati ya 10 wanaopata maambukizi ya tumbo huwa anabaki na hali hii. Virusi vinaondoka ila vinaacha ukuta wa utumbo umechubuka, bakteria wazuri wamevurugika, na neva za utumbo zimekuwa nyepesi kushtuka, yaani gesi kidogo ambayo zamani usingeisikia sasa hivi inakukata kama kisu. Ndo maana unaweza kupimwa ukaambiwa uko sawa na bado ukawa unaumwa kweli.

Lakini kupima upime kwanza. Ukiona damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, uzito unashuka wenyewe, homa inarudi, upungufu wa damu, au unaamshwa usiku na kuharisha, usikae nyumbani ukijitibu, nenda. Mwombe daktari aangalie choo kama kuna vimelea (giardia inafanana sana na hali hii), damu, kalprotektini kwenye choo inayoonyesha kama utumbo una uvimbe, na kipimo cha siliaki, yaani ugonjwa wa utumbo kuumizwa na ngano. Hicho cha siliaki fanya ukiwa BADO unakula ngano, ukiacha kabla majibu yanaweza kudanganya. Na tafadhali usimeze antibayotiki kwa kubahatisha, haziui virusi na zinazidi kuvuruga bakteria waliobaki.

Alafu shika daftari. Langu lilikuwa na safu nne tu, saa, nimekula nini, tumbo limefanyaje, usiku nililalaje. Wiki ya pili ndo nikaona: chai ya maziwa saa 1 asubuhi, ikifika saa 2 kasoro robo tumbo limevimba mpaka nafungua kifungo cha suruali, kila siku hivohivo, na mimi siku zote nilikuwa nalaumu chakula cha jana usiku. Sababu yake ni kwamba kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa kinakaa kwenye ncha kabisa za vinyweleo vya utumbo, na ncha ndo zinaumia mwanzo. Mara nyingi kinarudi utumbo ukipona. Kwahiyo acha maziwa wiki mbili uone, mtindi wengi wanauvumilia zaidi.

Badilisha kitu KIMOJA kwa wakati. Ukiacha maziwa, kahawa na vitunguu siku moja ukapata nafuu hutajua kipi kilikuwa kinakuumiza.

Kama maziwa siyo shida, kuna mlo wa FODMAP uliotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, unapunguza vitunguu, vitunguu saumu, ngano, maharage, tufaha na vingine vinavyochachuka haraka tumboni. Ni wa wiki 2 mpaka 6, baada ya hapo unarudisha kimoja kimoja, na ikiwezekana ufanye na mtaalamu wa lishe. Hapa ndo naumia nikiona watu, wanapata nafuu wanaogopa kurudisha, mwaka unaisha wanakula vitu vitano tu, wamekonda, na bakteria wazuri nao wanakosa chakula. Kurudisha ni sehemu ya tiba jamani.

Kula kidogo kidogo mara nyingi, maana mlo mkubwa ukiingia tumboni, utumbo mpana unaamshwa na ndo unakimbilia chooni hata hujamaliza sahani. Nyuzinyuzi zinazoyeyuka kama za oti zinasaidia, pumba za ngano mara nyingi zinazidisha gesi. Siku ya kuharisha sana changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe taratibu. Loperamaidi, dawa ya kuzuia kuharisha, inafaa siku una safari, ila siyo ukiwa na homa au damu.

Daktari akikupa dozi ndogo ya dawa ya sonona, au akakushauri uonane na mshauri nasaha, usikasirike ukadhani kasema unajifanya. Neva za utumbo na ubongo zinaongea muda wote, na dawa hizo zinatuliza maumivu ya tumbo lenyewe.

Inachukua miezi, wengine zaidi ya mwaka, na inapungua kwa kupanda na kushuka. Mimi maziwa niliyajaribu tena mwezi wa tano, robo kikombe, nikaandika saa kwenye daftari nikasubiri. Likaunguruma kidogo, basi. Wiki iliyofuata nikaongeza nusu.